Nguzo ya Kati ya Mama Mkubwa Selina

Mjomba wangu Manase anakaribia miaka sitini, na kila siku baada ya chakula cha mchana anafuta vidole kwenye suruali, anavaa miwani, anawasha kishikwambi na kwenda kujenga. Wapo hapa Kintinku wanaomcheka. Nimechoka kuwasikia, ndiyo maana naandika.

Alikuwa fundi wa matembe, nyumba zetu za udongo zenye paa bapa: miti, nyasi, na udongo juu yake. Miaka minne iliyopita alianguka kutoka juu ya paa, akavunjika paja, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo anatembea na gongo, na hakuna aliyemwita kazini tena. Si mguu tu. Watu wanataka bati. Tembe limegeuka jina la umaskini hata kwa sisi tuliolala ndani yake utotoni, ndama wakipumua upande wa pili wa ukuta.

Nilipomaliza chuo Dodoma nilirudi na kishikwambi chenye gemu moja tu. Nyingine nilizichoka nikazifuta. Hiyo iliyobaki haina sura nzuri. Dunia yake yote ni vipande vya mraba: mti mraba, ng'ombe mraba, hata jua. Unaanza mikono mitupu. Unaangusha mti, unatengeneza shoka, unachimba mawe, unajenga pa kujificha kabla giza halijaingia na mazimwi hayajatoka. Basi. Hakuna anayekutuma, wala hakuna mwisho.

Nilimpa Mjomba ashike siku moja ili apoteze muda. Baada ya dakika kumi akaniuliza, "Mjomba, hawa wabaya wanakula ndama?"

"Hapana. Wanakutafuta wewe."

"Hata hivyo," akasema, akaanza kuwajengea ndama chumba ndani ya nyumba.

Huu ni mwaka wa tatu. Wenzangu wa chuo wamepita gemu kumi zenye picha za kupendeza, na kila moja wameitupa walipoimaliza. Hii yeye hawezi kuimaliza, kwa sababu kazi anajipangia mwenyewe. Na anaifanya kwa kanuni zake. Ndani ya gemu paa linaelea hewani hata ukiondoa kila kitu chini yake, lakini yeye anaweka nguzo chini ya kila boriti. Akishamwaga udongo juu, hakanyagi paa kwa siku tatu, eti likauke. Niliwahi kumwambia udongo ule hauna maji. Alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Wanaosema gemu zinapumbaza watu waje wakae naye saa moja. Nchi hii imejaa watu wenye ufundi mikononi ambao hakuna anayewaita. Gemu ilimwita.

Oktoba mwaka jana akaitwa na nyumba yenyewe. Mama mkubwa Selina, dada yake, anaishi katika tembe la mwisho ambalo Mjomba alijenga kabla ya kuanguka. Mchwa walikuwa wamekula nguzo ya kati, na paa lilikuwa limeshuka hapo kiasi cha ngumi mbili. Mwanawe Innocent alikwisha kupata mabati.

"Nabomoa kabla ya mvua," alisema. "Sitaki mama azikwe na paa."

Mama mkubwa hakutaka kutoka. Alisema bati linampikia kichwa mchana. Mjomba akaomba siku moja tu ya kubadilisha nguzo. Ikishindikana, wabomoe, na asiitwe fundi tena.

"Utapandaje, Mjomba?" Innocent akauliza. "Na gongo?"

"Nitapanda kwa miguu yako. Naona imekaa tu."

Wiki nzima tulijifunzia kwenye kishikwambi. Mjomba alikuwa amelijenga humo tembe lilelile, nguzo kumi na mbili, kila moja mahali pake. Alituonyesha boriti ipi inalalia ipi. Tulitoa nguzo ya kati, tukaweka mpya, tukarudia hadi Innocent akaanza kuniibia zamu.

Siku ya kazi, mama mkubwa alitoa vyungu nje akakaa navyo. Niliingia na shoka nikafanya kama nilivyozoea: nikaipiga nguzo mbovu chini ili itoke kwanza. Pigo la pili, udongo ukanimwagikia shingoni. Boriti ikalia.

"Peniel," Mjomba akaniita kutoka mlangoni. "Acha. Usisogee."

Aliingia, akatupa gongo, akainua mikono yote miwili akashika boriti, kana kwamba ingesaidia.

"Innocent, lete ule mti mrefu. Simamisha hapa kando, kaza. Sasa mwingine, upande huu."

Miti miwili ilipobeba uzito, ndipo akashusha mikono.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Kama kwenye gemu, Mjomba."

"Kosa ni langu," akasema. "Miaka miwili nimekaa humo, nikasahau kuwaambia kwamba kule hakuna uzito."

Saa tisa nguzo mpya ilikuwa imesimama. Mama mkubwa aliingia, akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akatazama chini.

"Nani kamwagia udongo unga wangu?"

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili mfululizo. Ilipokatika, Innocent akaja kwa Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba. Mama anasema halivuji."

"Marahaba. Na mabati?"

"Nimeezekea banda la mbuzi."

Mjomba hakuinua macho. Alikuwa kwenye kishikwambi, anabadilisha nguzo ya kati ya tembe lake, na kabla ya kuigusa alikuwa amesimamisha miti miwili kando yake. Innocent alivuta kigoda, akachungulia.

"Hizo za kando za nini? Huku si paa halianguki?"

"Nyamaza," Mjomba akasema, akimpa kishikwambi. "Hiyo ya kushoto umeiona? Haijakaa sawa."