Mbolea kwa Jina la Mama

Baba alipofariki, shamba letu la Igowole lilibaki limeandikwa jina lake kwenye daftari la ruzuku. Mbolea ya bei nafuu hupewa aliyesajiliwa tu, na mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo niliomba ruhusa ya siku tatu kazini Iringa mjini, nikaenda nyumbani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nijiandikishe mimi, nichukue mbolea, nimwachie mama, nirudi kazini.

Mama alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Shamba hili unalilima wewe?"

"Hapana, Mama."

"Sasa jina lako linaenda kufanya nini huko?"

Kesho yake tukaenda ofisi ya kijiji. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, juu yake sweta zito. Tulimkuta mtendaji wa kijiji pamoja na bibi shamba wa kata, yaani afisa kilimo, binti mdogo tu, ana simu ya kusajilia na kimashine cha kuchukua alama za vidole. Maswali ya shamba mama aliyajibu bila kusita: ekari zake, mazao yake, jirani wa kila upande. Kisha akaambiwa aweke kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa tena. Mama alichuma chai miaka mingi kabla ya kuolewa, na baada ya hapo ni jembe kila msimu. Ncha za vidole vyake zimelika hadi mistari imefutika.

Mtendaji akanigeukia. "Ndugu, weka wewe kidole tumalize. Si ni familia moja?"

Waliokaa kwenye benchi wakaunga mkono. Tulikuwa tumepanga foleni tangu asubuhi, nje manyunyu hayakatiki. Nakiri kwamba niliunyoosha mkono.

Mama akaushika, akaushusha taratibu. "Mwanangu, aliyekufa ni baba yako. Mimi nipo."

Kisha akamwambia bibi shamba, "Vidole ninavyo kumi. Umejaribu viwili tu."

Yule binti akatabasamu, akaagiza maji ya moto kwa mama lishe wa jirani. Mama akaloweka mikono kwenye beseni, akaikausha, wakaanza upya, kimoja kimoja. Mkono wa kulia ukaisha wote. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichosomeka, na mzee mmoja kwenye benchi akapiga makofi.

"Hicho hakikuchuma chai," mama akasema, na hata mtendaji akacheka.

Njiani nilimwomba radhi.

"Ulitaka kunisaidia, najua," akanijibu. "Ila siku nyingine uniulize kwanza."

Ujumbe wa usajili uliingia kwenye simu yake kabla hatujafika nyumbani. Alinitaka nimsomee mara mbili, jina lake lote, mpaka la ukoo. Wiki iliyofuata alikwenda kwa wakala wa mbolea peke yake, akarudi na mifuko yake kwenye bodaboda, mimi nikiwa nimesharudi mjini.

Mahindi yalikubali mwaka ule. Lakini kilichonifurahisha zaidi nilikisikia kwa simu: wajane wawili wa kitongoji chetu, ambao shemeji zao ndio waliokuwa wakiwachukulia mbolea, walikwenda kujisajili wenyewe. Mama aliwasindikiza.