Hereni za Shemeji na Taa Ndogo ya Flashi

Napenda mambo yaandikwe yalivyotokea, kwa hiyo naanza na kosa, na kosa ni langu. Nilipokuwa karani mwandamizi katika ofisi moja ya serikali huko Kajiado, nilisimamia upigaji wa picha za vitambulisho. Waraka uliotuongoza ulisema vitu vinavyoficha uso viondolewe. Siku moja mke wa kaka yangu mkubwa alifika mbele ya pazia jeupe akiwa na hereni zake ndefu za shanga, nami nikamwagiza azivue. Alinitazama. Nikarudia agizo kwa sauti ya ofisi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na sikutaka watu waseme kwamba napendelea jamaa zangu. Akazivua.

Hereni zile hazikuficha uso. Hilo nililiona wazi. Nilijua pia jambo ambalo huenda mwandishi wa waraka hakulijua: kwetu, mwanamke aliyeolewa havui hereni zake mumewe akiwa hai. Anayezivua ni mjane. Kadi ilipotoka, kaka yangu aliitazama, akamwuliza mkewe, "Nani amekufa?"

Tangu siku hiyo shemeji hakukubali tena kupigwa picha. Katika harusi za wanawe mwenyewe alikuwa akigeuza kisogo mara tu kamera ilipoinuliwa. Mimi nilistaafu, nikajenga Kitengela, nikaendelea kujiambia kwamba nilifuata maagizo. Mwaka huu kaka aliugua moyo. Daktari alizungumza kwa upole ule ambao mtu aliyeishi na nyaraka anajua kuusoma. Ndipo nilipohesabu vizuri: kaka akiondoka, hereni zitavuliwa kwa haki, na picha pekee ya uso wa shemeji itakuwa ile ya uongo niliyoisimamia mimi. Nilikasirika, na bado nimekasirika, na hasira hiyo siielekezi kwa waraka.

Nikampigia shemeji simu. Nikamwomba anikubalie nimpige picha nyingine, akiwa na hereni zake.

"Njoo," akasema. "Lakini nitakaa pale ananiona."

Maana yake ilikuwa ndani, kando ya kitanda cha kaka, katika nyumba ya mabati ambayo madirisha yake mawili hufungwa karibu siku nzima kwa sababu ya vumbi. Bila taa ya ziada nisingepata kitu.

Kamera ninayo. Ni ya dijitali, lakini ya aina ile ambayo mpigaji haoni kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha cha pembeni, ambamo katikati kila kitu huonekana mara mbili. Huzungusha pete ya lenzi mpaka picha hizo mbili zilingane ziwe moja. Kwa mtu wa tabia yangu, hicho ni chombo cha haki. Nilichokosa ni flashi.

Dukani, hapo Kitengela, mwenye duka alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka. Akaniwekea mezani flashi kubwa kama tofali.

"Chukua hii, mzee. Ndiyo watu wa harusi wanatumia."

Nilipoichomeka juu ya kamera, kamera yote ililala upande. Nikamwambia kwamba sitafuti silaha.

"Na hiyo kamera yako ni ya filamu?"

"Ni ya dijitali."

"Haikai dijitali."

"Hata mimi sikai kama ninayejua kompyuta, binti yangu, lakini najua."

Akacheka, akavuta kiti. Nikamweleza masharti yangu: iwe nyepesi, kichwa chake kiweze kuinuka na kugeuka, ili mwanga usimpige mtu usoni moja kwa moja, na nguvu yake niweze kuipanga kwa mkono wangu.

"Wateja hawaulizi hivyo," akasema. "Wanauliza tu kama iko na mwanga mkali." Hata hivyo alipekua rafu ya nyuma, akaja na moja ndogo inayoenea kiganjani. Akanionya kwamba haifiki mbali. Nikamjibu kwamba ninayempiga atakuwa hatua tatu kutoka kwangu, na kwamba miaka yote niliyomwona kwa umbali mkubwa zaidi inatosha. Hakuelewa, na sikumlazimisha.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa kwao, ng'ambo ya mji wa Kajiado.

"Takwenya," nikamsalimu shemeji kwa lugha ya kwetu.

"Iko," akaitikia. "Leo umekuja bila foleni."

Alikuwa amevaa ukosi mpana wa shanga nyeupe, na hereni zikining'inia hadi mabegani. Kaka alikuwa ameegemezwa mito, amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale ya kuchokoza watu.

"Karani," akaniita, "leo utamwambia avue nini?"

Nikainua kamera. Kulinganisha zile picha mbili juu ya uso, katika giza lile, kulinishinda, hadi nilipotumia mstari wa shanga za hereni. Shanga zikalingana, nikajua uso nao umelingana. Lakini nikafanya uvivu mmoja. Flashi niliiacha ijipime yenyewe. Flashi ya namna hiyo ina jicho dogo linalosoma mwanga unaorudi, kisha flashi hujizima jicho hilo likiridhika. Shanga nyeupe zilirudisha mwanga mwingi, jicho likaridhika mapema. Kwenye kioo cha kamera ukosi uling'aa kama mwezi, na juu yake, mahali pa uso wa shemeji, palikuwa na kivuli.

Akaitazama. "Umenipiga shanga," akasema. "Mimi niko wapi?"

Ningeweza kumweleza habari za jicho la flashi, lakini nimewahi kumpa maelezo ya kiofisi na najua yalikompeleka. Nikasema tu, "Kosa ni langu. Nipe nafasi nyingine."

"Mpe," kaka akasema. "Huyu hujifunza polepole."

Nikazima kipimo cha flashi, nikaipanga nguvu kwa mkono. Nikageuza kichwa cha flashi pembeni, lakini pembeni palikuwa na mabati yaliyoshika moshi, yasiyorudisha mwanga wa maana. Nikaomba shuka jeupe. Hapakuwa na mtu wa kulishika; nami mikono yangu yote ilikuwa na kazi.

"Lete hapa," kaka akasema.

Shemeji akamkataza. Kaka akalivuta hata hivyo, akaliinua kwa mkono mmoja kando ya kichwa cha mkewe. "Fanya haraka," akaniambia. "Hii si ofisi yako."

Nilipiga mara tatu. Mwanga ukagonga shuka, ukarudi taratibu ukakaa usoni pa shemeji: mikunjo, paji la uso, macho yaliyokuwa yakimtazama mumewe na si mimi. Hereni zilionekana zote mbili, shanga kwa shanga.

Picha bora ilikuwa ya tatu, ila ilikuwa na dosari. Upande wa kushoto umeingia mkono wa kaka umeshika pindo la shuka. Nikamwonyesha shemeji, nikamweleza kwamba nitaukata mkono ule ili picha iwe safi.

"Usikate," akasema. "Huo ndio watu watauona, wajue alikuwepo."

Niliichapisha Kitengela bila kukata chochote. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu ya wino mwezi na mwaka, mahali ilipopigwa, na kwamba mume wa aliyepigwa alikuwa hai na ndiye aliyeshika shuka. Nimetia sahihi. Imetundikwa ukutani juu ya kitanda cha kaka. Kaka analalamika kwa kila mgeni kwamba nimeufanya mkono wake uonekane wa mzee.