Tulivyovuta fiber mpaka plot zetu za Kitengela ili niongee na mke wangu bila kukatika

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, huku upande wa kuelekea Isinya ambako upepo haujui siku ya kupumzika.

Mimi humu ndani ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, nalala. Leo naleta ya kwangu. Sijatia chumvi, na pale nilipokosea nimejiacha vile vile nilivyokosea. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Nina miaka arobaini na kitu. Nafanya kazi kwa shamba la maua, kwa cold room, pale maua hupangwa kwa maboksi kabla ya kupelekwa airport. Mke wangu yuko Uingereza, anahudumia wazee kwa nyumba ya kulelea wazee. Huu ni mwaka wa tatu. Binti yetu Njeri yuko boarding, namwona shule zikifungwa.

Kwa hivyo nyumbani tuko watatu: mimi, mbwa na tangi la maji.

Plot tulinunua tukiwa wawili. Nyumba tulijenga tukiwa wawili. Rangi ya gate alichagua yeye, akasema maroon. Gate ikawekwa, akaitumia miezi minne, halafu visa ikatoka.

Sasa shida yetu. Mama Njeri akiwa na shift ya asubuhi, hufika kwake wakati huku ni saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuongea. Lakini plot zetu ziko kwa bonde fulani na booster ya simu iko mbali. Nikitaka video call ilikuwa lazima nipande juu ya nyumba, kwa slab, nisimame karibu na tangi, niangalie upande wa barabara ya Namanga. Upepo unanipiga, namwona mke wangu akiwa vipande vipande, mdomo huku na jicho kule.

"Baba Njeri, unakatika-katika," ananiambia. "Sikusikii. Nitakupigia."

Siku zingine anapiga. Siku zingine hapigi.

Mnaona vile maisha ni ya ajabu. Boksi la maua nililofunga mimi mwenyewe Jumatatu, Jumatano liko kwa duka huko kwao. Sauti yangu ilikuwa inakwama hapa Isinya.

Nikajiambia kwamba ndoa yangu haina ugonjwa wowote, ila network. Maongezi yetu yalikuwa yamebaki ya dakika tatu: umekula, Njeri ametumiwa shopping, mvua imenyesha, basi. Nikasema tukipata internet ya maana, tutaongea kama zamani. Nilishikilia hilo wazo kweli kweli. Msinicheke. Mtu akiwa mpweke hutafuta kitu anachoweza kurekebisha kwa mikono yake.

Kulikuwa na kampuni ndogo ya internet iliyokuwa imefikisha fiber kwa lami. Nikaenda ofisi yao. Wakaniambia hawawezi kuvuta waya mwendo wote ule kwa sababu ya nyumba moja. Leta nyumba ishirini zilizokubali, na mtafute wenyewe njia ya kupitisha nguzo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mimi vidole vingine sikuwa navijua. Wale mnaokaa plot za Kitengela mnaelewa. Jirani hana jina, ana gate. Kuna Gate Nyeusi, kuna Gate ya Simba Wawili, kuna Gate Haijaisha. Miaka mitano nimepungia watu mkono wakiwa ndani ya gari na sijui hata mmoja anaitwa nani.

Nikachukua exercise book, nikaanza kugonga.

Kugonga gate huku si kazi rahisi. Wenye nyumba hupiga honi. Ukija kwa miguu, wewe ni muuza mayai au umeleta neno la Mungu. Mama mmoja hakuja hata kuangalia, alipiga kelele akiwa ndani: "Mayai tuko nayo, asante!" Mwingine aliniambia ameokoka tayari.

Ilinichukua Jumamosi nne. Na kitu kimoja kilinishangaza. Wengi wetu tunaishi peke yetu ndani ya hizo kuta. Huyu mume yuko Mombasa, huyu watoto wako Canada, huyu alizika mwaka jana na hakuna jirani aliyejua. Tumeweka ukuta, juu ya ukuta tumeweka stima, halafu kila mtu amekaa ndani akiangalia TV.

Nikapata nyumba kumi na tisa. Ya ishirini ikakosekana, lakini kampuni ikasema tuendelee na njia huku tukitafuta.

Sasa hapa ndipo nilipokosea.

Kati ya lami na sisi kuna shamba la familia moja ya Kimaasai. Ndio walituuzia hizi plot. Anayekaa pale ni mama mmoja mjane anaitwa Mama Seleina, lakini sisi tulikuwa tumezoea kila kitu kufanya na kijana wake anayefanya kazi Ngong. Yeye ndiye alikuwa anatuonyesha mawe ya mipaka wakati wa kununua. Nikampigia simu. Akasema hakuna shida kaka, pitisheni kando ya fence.

Nikaona nimemaliza kazi. Mafundi wakaja Ijumaa, wakasimamisha nguzo saba. Nilituma picha kwa group ya WhatsApp ya majirani, watu wakaweka makofi.

Jumamosi asubuhi nguzo zote saba zilikuwa chini. Hazikuvunjwa. Zilikuwa zimechimbuliwa vizuri, zikalazwa kando ya fence moja baada ya nyingine, na mashimo yakafukiwa.

Group ikawaka. Wengine wakasema twende kwa chifu, wengine polisi. Nikampigia yule kijana, akacheka kwa aibu, akasema, "Boss, hiyo ni mathe, mama yangu. Enda umwone."

Nikaenda. Nilipitia dukani nikabeba sukari na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi. Nikasimama kwa geti la miti, nikaita, "Takwenya, Yeyo!" Yaani salamu, mama. Kimaasai changu kinaishia hapo hapo.

"Iko," akaitikia salamu. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Wewe ndio mwenye miti?"

"Ni mimi, Yeyo. Nimekuja kuomba msamaha."

"Ingia kwanza."

Nikaingia. Nikafungua mdomo niseme mambo ya fiber, akanimiminia chai. Nikajaribu tena, akaniuliza kwetu ni wapi. Murang'a. Baba yuko hai? Alifariki. Mama? Yuko, anaumwa miguu. Kwenu mvua imenyesha? Mko na ng'ombe? Watoto wangapi? Mmoja tu? Wakuu, nilikaa kwa hicho kiti karibu saa nzima na neno nguzo halijatajwa. Wenyeji wa huku habari huanza na watu na mifugo. Ukianza na shida yako, umemwambia mwenye nyumba kwamba yeye si kitu.

Halafu akauliza, "Na mama watoto, yuko?"

Nilitaka kusema yuko salama, kama ninavyosema kazini. Nikaangalia kikombe. Nikajikuta namweleza huyu mama, mtu ambaye nimepita karibu na boma lake miaka mitano bila salamu, kwamba mke wangu ameenda mwaka wa tatu, kwamba tunaongea nikiwa juu ya nyumba kama fundi wa mabati, kwamba nikirudi kutoka kazini Ijumaa sifungui mdomo tena mpaka Jumatatu, isipokuwa kwa mbwa.

Hakunipa mawaidha. Alisema, "Pole. Miaka tatu ni mingi." Akaongeza chai.

Tulipomaliza akanipeleka nje. "Nyinyi mliongea na kijana yangu," akasema. "Kijana anakaa Ngong. Ng'ombe wanakaa hapa. Ona, hapa ndio wanatokea asubuhi, mmewawekea mti kwa mlango. Na hiyo waya yenu, lori ya nyasi ikija wakati wa kiangazi itapita nayo yote."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na hakuna fundi aliyekuwa ameyaona. Akatuonyesha upande mwingine wa fence, ambako hakuna njia ya mifugo. Akataka waya uinuliwe zaidi ya kimo cha lori.

"Na mimi mtaniwekea?" akauliza.

"Internet, Yeyo?"

"Kwani nichunge miti yenu bure? Nataka kuona bei ya ng'ombe soko la Kiserian kabla broker hajakuja kunidanganya hapa."

Hivyo ndivyo tulivyopata nyumba ya ishirini.

Baada ya wiki tatu waya ulifika kwangu. Fundi akaweka router karibu na TV, taa zikawa kijani. Siku hiyo nilinyoa ndevu. Nilivaa shati la kanisa. Saa kumi na mbili nikakaa kwa sofa, mahali pasipo na upepo, nikampigia Mama Njeri.

Akatokea mzima, bila vipande. Nikaona ana mvi mbili juu ya sikio. Nikaona amekata nywele.

"Umenyoa lini?" nikamuuliza.

"Hii? Ni kitambo, Baba Njeri. Hata miezi mitano."

Miezi mitano mke wangu amekata nywele na mimi sijui. Iliniuma, lakini nikafurahi kwamba sasa naona.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Nilimtembeza nyumba yote, nikamwonyesha miti aliyopanda, mbwa akabweka aliposikia sauti yake. Wiki ya pili maneno yakaanza kuisha. Umekula. Njeri anaendeleaje. Mvua. Halafu tunanyamaza. Zamani tukinyamaza tulisema ni network. Sasa tunanyamaza huku kila mmoja anaona mwenzake akinyamaza, na hicho ni kitu kigumu sana.

Ikafika Alhamisi moja. Nilikuwa namuuliza kama amefikiria likizo ya kuja nyumbani. Akainamisha uso.

"Baba Njeri, unakatika-katika," akasema. "Sikusikii. Nitakupigia."

Wakuu, mimi nilikuwa namwona. Nyuma yake kettle ilikuwa inachemka na mvuke ulikuwa unapanda bila kukwama hata kidogo. Nilimwona akitafuta mahali pa kukata simu. Kidole chake kilikuja kikubwa kwa screen, kisha akapotea.

Nikaangalia router, taa zote kijani. Nikamwandikia Gate Nyeusi kumuuliza kama internet yake iko sawa. Akajibu, "Iko fiti kabisa, shukran kwa kazi yako."

Nilikaa hapo mpaka giza likaingia ndani ya nyumba. Nilikuwa nafikiria zile siku zote nilizosimama kwa tangi na upepo. Ni siku ngapi nilikuwa nakatika kweli? Sitawahi kujua, na hiyo ndiyo iliniumiza kuliko uongo wenyewe.

Kesho yake nilimpigia, nikasema mapema kabla uoga haujanishika.

"Mama Njeri, jana nilikuwa nakuona vizuri. Hata mvuke wa kettle nilikuwa nauona."

Akavuta kiti, akakaa.

"Sina mtu," akasema. "Usiende huko. Sina mtu."

"Sijasema hivyo."

"Ni vile ukinipigia, ni kama naondoka nyumbani tena. Kila siku naondoka upya. Naona kiti changu, naona gate, naona mbwa. Ukikata nakaa kwa kitanda, siwezi hata kula, na asubuhi niko na watu wa kuosha na kulisha. Network ikiharibika nilikuwa nashukuru Mungu, Baba Njeri. Nisamehe."

Mimi ndiye nilimwonyesha kiti, wakuu. Mimi ndiye nilimtembeza nyumba nzima nikidhani namletea furaha.

"Sasa tufanye nini?" nikamuuliza.

"Tuwe tunaongea Jumapili. Jumapili niko off. Nitakuwa nimejitayarisha."

Nikasema sawa.

Huu ni mwezi wa pili tangu tukubaliane. Na nitakuwa mkweli kama nilivyoahidi, Jumapili zimekuwa nzuri. Tunaongea saa nzima, juzi tulicheka mpaka akashika mbavu. Simwonyeshi nyumba. Ananisimulia wazee wake, mimi namsimulia vituko vya majirani wa hizi plot. Likizo hatujaitaja tena.

Funzo nililopata ni moja. Kabla hujavuta waya kumfikia mtu, muulize kama ana nguvu ya kufikiwa kila siku. Mimi niliuliza kampuni, nikauliza nyumba kumi na tisa, mwishowe nikamuuliza hata Mama Seleina. Mke wangu sikumuuliza.

Sasa naomba wale wenzangu walio na mume au mke majuu mnisaidie, na tafadhali msinitume kwa pombe wala kwa mwanamke mwingine. Jumapili najua nitafanya nini. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, ikifika saa kumi na mbili jioni, nyinyi huwa mnafanya nini?

Andikeni hata kama ni ndefu. Nitasoma zote.