Nafasi ya Marahaba

Kabla ya kurekodi, msomaji wa kampuni ya taarifa za kilimo huvua viatu, husimama wima na kuinamisha kichwa mbele ya maiki kama mtu anayebisha hodi. Sauti yake nzito, yenye kicheko kwa ndani, ndiyo huwapigia wakulima simu kuwaambia mvua inakuja lini na mbegu zipandwe lini. "Shikamoo," husema, kisha hunyamaza. Fundi mitambo huukata ukimya huo, msomaji huurudisha. "Dada, unatupotezea muda wa simu!" "Muda gani? Mtu hata hajaitikia!"

Leo wamefika shambani pamoja. Bibi mmoja ameinama kwenye tuta, simu inaning'inia shingoni. Inalia, anaibonyeza kwa kidole chenye udongo. "Shikamoo," inasema kwa sauti kubwa. "Marahaba, mjukuu wangu, lete habari!" Jibu linaingia sawia kwenye ule ukimya, na habari inakuja papo hapo: mvua kesho, panda leo! Fundi anajipiga paja kwa furaha. Msomaji, nyuma ya bibi, viatu mkononi, uvumilivu unamshinda, anasalimu kwa sauti ile ile: "Shikamoo, bibi!"

Bibi hata hageuki. Anaikemea simu: "Si nimeshakuitikia? Hebu endelea!"