Tepe za Magdalena kwenye Usukani wa Mzee Librado

Saa tatu asubuhi, bati la gereji tayari halishikiki. Eduviges Tánori anatembea kando ya pikapu kuukuu ya kijani, kiganja juu ya bodi, kama mtu anayesindikiza ng'ombe mnadani. Pikapu inakwenda kwa mwendo wake yeye. Ndani, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimewashwa mpaka mwisho, na mzee anayeendesha anachuruzika jasho.

"Kata kushoto," anasema Eduviges.

Mzee anakata. Usukani unafika nusu, unagoma, kisha unaachia ghafla. Chini ya boneti mkanda unapiga yowe.

"Kata kulia."

Kulia ni yale yale. Mzee anashusha kioo kidogo. "Umesikia, fundi?"

"Nimesikia. Funga kioo."

"Nitaiva humu, mwanangu."

"Iva kidogo, mzee. Sijamaliza."

Hivyo ndivyo Eduviges anavyopima gari. Mafundi wengi wa jiji hili la Hermosillo, jimbo la Sonora, hulipeleka barabara kuu na kukanyaga mafuta. Yeye hutembea nalo mtaani, na majirani wameshazoea kumpisha.

"Gari likikimbia linadanganya," anasema. "Upepo unaingia mbele, kiyoyozi kinapata nafuu, usukani nao unakuwa mwepesi wenyewe. Liweke kwenye mwendo wa miguu uone. Hapo halina pa kujificha."

Ana miaka arobaini na sita. Zamani alishona viti vya magari kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, vidole vile vile vilihamia kwenye nyaya, kisha kwenye viyoyozi, kisha kwenye kila kitu kilicho chini ya boneti. Siku ya kawaida hutengeneza magari mawili au matatu. Agosti, joto likipita nyuzi arobaini na nne, foleni hufika kwenye kona. "Desemba tunakula cha Agosti," anasema, na hasemi kwa kulalamika.

Mwenye pikapu ni Librado Moroyoqui, mfugaji wa Sahuaripa, kule milimani. Kila wiki huteremka na jibini la mkewe. Jibini hupanda mbele, pamoja naye, kwenye ubaridi. Nyuma lingekuwa mchuzi kabla hajafika nusu ya njia. Na njia yenyewe ni kona juu ya kona, bonde likiwa upande mmoja.

Leo amekuja na uamuzi. Mnunuzi wa vyuma chakavu wa mtaa wa pili anasubiri jibu lake. Pikapu isipopona, inabaki Hermosillo vipande vipande, na mzee anapanda basi kurudi milimani, asiteremke tena.

"Chona hataki tena nipite zile kona na usukani unaogoma," anasema, akimtaja mkewe. "Ana haki. Hata mimi naogopa, ila simwambii."

Mafundi wawili wamepita hapo kabla. Mmoja alibadilisha pampu ya usukani, mwingine akaongeza gesi ya kiyoyozi. Ugonjwa ukarudi.

Eduviges anafungua boneti, na mara moja anaelewa kwa nini.

Kwenye shafti ya usukani zimefungwa tepe za satini: nyekundu, bluu, njano, nyingine hazina rangi tena kwa oili. Fundo juu ya fundo. Ni tepe za Mtakatifu Fransisko wa Magdalena, mji ambao mahujaji huuendea kwa miguu kila Oktoba, na hakuna mtu wa Sonora asiyezijua. Utepe wa nadhiri haukatwi. Unafunguliwa kwa mkono, au unaachwa udondoke wenyewe. Mafundi waliotangulia waliziona, wakafanya ishara ya msalaba, wakapitisha spana pembeni.

Lakini joto la injini limeziyeyusha zikawa donge gumu kwenye maungio ya shafti. Ndilo linalogomesha usukani. Ncha mbili ndefu zimeburutwa na kujiviringisha nyuma ya puli inayokaza mkanda, na mkanda umelegea. Mkanda huo mmoja ndio unaozungusha pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Ukiteleza, mzee anakosa vyote viwili.

Eduviges anavuta kreti, anaketi, anachukua sindano ya kufumia na kuanza kufungua fundo moja moja. Mpaka mchana zilizo juu zimetoka. Za chini zimekuwa kitu kimoja.

"Hizi hazifunguki, mzee. Zinataka mkasi."

Librado anavua kofia. "Hapana."

"Basi mwite mtu wa vyuma chakavu."

Mzee anaitazama pikapu, anautazama mkasi. Kofia inazunguka mikononi mwake.

"Nadhiri yenyewe ni ya nani?" anauliza Eduviges.

"Ya Chona. Utepe wa kwanza aliufunga yeye, mwaka tulionunua gari."

"Basi muulize mwenyewe."

Simu inapigwa, sauti inafunguliwa ili wote wasikie. Kwanza wanaitika kuku, kisha Chona.

"Utepe gani?"

"Ule wa kwenye usukani. Nadhiri yako."

"Librado. Waya wa honi ulikuwa unaning'inia. Sikuwa na kamba, nikatoa utepe kwenye pochi."

"Na hizi nyingine?"

"Hizo umefunga wewe, kila Oktoba. Nikajua una lako na Mtakatifu, nikaona nisikuchunguze."

Eduviges ameinamisha kichwa juu ya bodi, anacheka.

"Sasa miaka yote hii nimeombea nini?" anauliza mzee.

"Waya wa honi," anajibu Eduviges. "Na honi haijaharibika hata siku moja, umeona?"

"Kata uje nyumbani," inasema simu. "Na usilale njiani."

Mkasi unafanya kazi polepole, utepe baada ya utepe. Hakuna kipande kinachoachwa chini. Vyote vinaingia kwenye kopo safi la kahawa. Kisha puli inasafishwa, mkanda mpya unafungwa, na pikapu inarudi mtaani kwa mwendo wa miguu, Eduviges kando yake.

"Kata kushoto."

Mzee anakata kwa kidole kimoja. Anakata kulia. Mkanda hausikiki. Wakirudi, amepandisha kola ya shati.

"Fundi, nasikia baridi."

"Vumilia."

Mnunuzi wa vyuma chakavu anatokea kwenye kona, mikono mifukoni. Librado hafungui hata kioo. Anampigia honi, ndefu, na inalia vizuri sana.

Eduviges anaweka kopo kwenye rafu, juu ya spana. Kwa miaka yote ya gereji hajawahi kutembea kwenda Magdalena. Oktoba ikianza joto bado lipo, na wateja wapo. Mwaka huu atafunga mlango. Tepe zile, zenye nadhiri na zisizo na nadhiri, zitarudi kwa Mtakatifu mwenyewe zikiwa mikononi mwake.

Librado ameahidi kumfuata nyuma kwa pikapu, na maji na jibini, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimewashwa. Ni karibu kilomita mia mbili za jangwa.

"Zote kwa mwendo wangu," anasema Eduviges, akifuta mikono. "Tukifika, ndipo nitasema pikapu hii nimeitengeneza."