Vitanda Sita vya Ikomelo

Kichuguu kilichoko nyuma ya shule ya Ikomelo ndipo mahali pekee kijijini ambapo simu hushika mtandao bila kubembelezwa. Watu wamekipanda miaka mingi hata kimechimbika vidato kama ngazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dafrosa Mahona alikuwa juu yake, kanga ya pili mabegani kwa ajili ya baridi ya Mei, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto.

"Shikamoo mama. Unanisikia?" Alikuwa Samweli, katibu wa mbunge wao, akipiga kutoka Dodoma.

"Marahaba, mwanangu. Nakusikia. Sema."

"Swali letu limepangwa leo. Namba sitini na mbili. Ila jibu la Serikali tumeshalipata kwa maandishi, na Mheshimiwa amelisoma mara mbili halielewi. Nikusomee?"

"Soma."

Samweli akasoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. "'Zahanati ya Kijiji cha Ikomelo imekamilika. Ina vitanda sita, na muuguzi mmoja yupo kituoni. Wananchi wanaendelea kupata huduma.'" Karatasi ikasikika ikikunjwa. "Mama, huyo muuguzi yupo?"

Dafrosa akageuza uso kuelekea zahanati. Bati lake lilikuwa limeanza kupokea jua, na kutoka pale juu lilimeta vizuri, kama sinia lililosuguliwa kwa mchanga.

"Mama?"

"Nipo."

"Mheshimiwa ana haki ya maswali mawili ya nyongeza. Lakini akisimama akasema hakuna muuguzi, halafu Waziri akasema ana picha, ataonekana yeye ndiye anayelidanganya Bunge. Anataka neno lako, wewe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Ni kweli au si kweli? Nipigie kabla ya saa tatu. Akishaingia ukumbini sitampata tena."

"Nitakupigia," alisema Dafrosa, na simu ikakatika yenyewe, kama kawaida ya simu za pale.

Picha zilikuwepo. Alizijua moja moja. Vitanda vilivyoonekana humo alivitandika yeye.

Kwa miaka mitano Dafrosa alikuwa amehangaika na jengo lile. Wanaume walifyatua matofali, wanawake wakabeba maji na mchanga, na yeye, mjane wa mrina asali, mwenye miaka hamsini na minane na goti moja bovu, alipita nyumba kwa nyumba hadi bati la mwisho likapigiliwa. Alikuwa na sababu yake. Mwaka ule wa mvua kubwa alimsukuma jirani yake Levina juu ya baiskeli kwenda hospitali mjini, na mtoto hakungoja mji. Alizaliwa kwenye karavati, maji yakipita chini yao kwa kishindo. Walimwita Nzila, yaani njia kwa Kinyamwezi, na sasa yuko darasa la tatu, mtundu kuliko wote. Watu husimulia kisa kile wakicheka. Dafrosa hakuwahi kucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameishika ile baiskeli.

Jengo likaisha, ila lilikuwa kuta na bati. Ndani hapakuwa na kitanda, wala dawa, wala mtu. Mwezi wa pili ikaja habari kwamba wageni wa ukaguzi wanakuja kutoka mjini.

Sasa, Ikomelo iko kando ya njia ya kale, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji. Babu wa baba yake Dafrosa alibeba pembe hadi Bagamoyo mara nne akarudi na miguu yake yote miwili. Vijiji vya njiani vina adabu yao, na adabu hiyo haikufa na misafara. Zamani msafara uliposikika ukija, watu walifagia, wakachota maji, wakatandika. Kijiji kilichoonekana kitupu, msafara ulikipita ukaenda kulala kwingine, na chumvi, na nguo, na habari za dunia zikapita nao. Mpaka leo mtu wa Ikomelo yuko tayari kulala na njaa, mradi mgeni asiione sufuria yake tupu.

"Hakuna anayemtuma muuguzi kwenye nyumba tupu," Dafrosa aliwaambia wanawake siku ile. "Tuwaonyeshe kwamba tuko tayari kumpokea."

Basi vikatoka vitanda vitano kutoka nyumba tano, na cha sita kikatoka chumbani kwake mwenyewe, kitanda cha mninga alichochonga marehemu mumewe Revocatus. Mapazia yalitoka kanisani kwa Wamoravian. Meza ikatoka shuleni. Mkwewe Yustina, mke wa mwanawe Benjamini aliyeko machimboni Nzega, alikuja mbio kutoka mazoezi ya kwaya bado amevaa joho lake jeupe, akawapokea wageni na chai na asali. Mmoja wao akamwuliza, "Wewe ndiye muuguzi?" Yustina, ambaye alifundishwa asimbishie mgeni, akainama na kusema, "Karibuni sana." Mgeni akaandika. Wakapiga picha, wakala asali, wakasifu mapazia, wakaondoka.

Na sasa miezi mitatu imepita, na maandishi yale yamefika Bungeni.

Dafrosa akashuka kichuguu. Hakukumbuka alivyofika nyumbani kwa Bundala, mwenyekiti wa kijiji. Goti liliuma, miguu ikaenda tu. Alimkuta anapukuchua mahindi barazani.

"Wangaluka, mwenyekiti."

"Wangaluka, Mama Benja. Mbona unahema? Nyuki wamekufukuza?"

"Afadhali wangekuwa nyuki." Akamweleza yote bila kukaa, ingawa kigoda kilisogezwa mara mbili.

Bundala aliacha gunzi mkononi. "Sasa wewe ukimwambia huyo Samweli kwamba vitanda vilikuwa vya kuazima, itakuwaje?"

"Mheshimiwa atasema Bungeni."

"Kwenye redio!"

"Kwenye redio."

"Nchi nzima isikie kwamba watu wa Ikomelo ni waongo. Mama Benja, nina binti wa kuoza mwaka huu!"

"Hatukusema uongo. Tulitandikia wageni."

"Haya, nenda kawaeleze hao wa Dodoma tofauti yake." Akapukuchua kwa hasira, punje zikaruka. Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Mwambie Mheshimiwa aachane na zahanati. Aulize barabara. Barabara haina pazia, haikutandikwa na mtu. Tukimaliza barabara, mwaka kesho tutarudia zahanati kimyakimya."

"Mwaka kesho?"

"Mwaka kesho si mbali."

Dafrosa alitazama kivuli cha nyumba kilivyosogea. Ilikuwa saa mbili kasoro. Akaaga, akapita katikati ya shamba la karanga badala ya kuzunguka, na umande ukamlowesha hadi magotini.

Yustina alikuwa uani, ameinama juu ya beseni, mkono mmoja kiunoni. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Siku ile ya joho jeupe haikuwa ikionekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Acha hizo nguo, nitafua mimi."

"Hata jana ulisema hivyo, mama, ukafua kanga moja ukaondoka kwenda kuangalia kufuli la zahanati."

Dafrosa akamwambia kuhusu simu. Alipofika penye 'muuguzi mmoja yupo kituoni', Yustina alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka akashika tumbo.

"Kumbe mimi ni mtumishi wa Serikali! Na Benja hajui. Nitamwambia asinitume maji tena, mimi nina kituo." Akafuta machozi kwa kiganja. Cheko likapungua, likaisha. "Ila mama, mimi muuguzi nikishikwa na uchungu, nani ataniuguza?"

Aliuliza kwa upole tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Lakini Dafrosa alisikia maji ya karavati.

"Yule mgeni ningemwambia hapana," Yustina aliendelea, akichezea povu. "Nilitaka. Ila ulikuwa umesimama nyuma yake, mama, na uso wako ulikuwa na furaha sana. Sikuweza."

Dafrosa akamtazama mkwewe, akatazama mikono yake mwenyewe. Tangu mwezi wa pili alikuwa akilala chini juu ya mkeka. Vile vitanda vitano vilirudi kwa wenyewe siku ileile jioni, lakini chake alikiacha zahanati, kimetandikwa shuka nyeupe. Aliwaambia watu kwamba ni kizito kukibeba. Ukweli ni kwamba hakutaka nyumba ile ibaki tupu, hata kwa siku moja. Alipokuwa akipita dirishani na kukiona, moyo ulimwambia kwamba kazi imekwisha.

Alifika kichuguuni saa tatu kasoro dakika kumi. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena. Akahama, akanyoosha mkono juu, akashusha. Mara ya nne ikaita.

"Samweli, si kweli," alisema kabla hajasalimiwa. "Muuguzi hakuna, na hajawahi kuwepo. Yule ni mkwe wangu, alivaa joho la kwaya, na ni mjamzito, mwezi ujao anajifungua. Vitanda ni vyetu, tuliazimana tukawatandikia wageni. Mimi ndiye niliyepanga. Mwambie Mheshimiwa, na akitaka jina, alitaje langu. La kijiji aliache."

Samweli akasema, "Mama, huyo anaingia mlangoni sasa hivi," na zikasikika nyayo zake zikikimbia.

Redio kubwa ya kijiji iko dukani kwa Majidi, juu ya debe la mafuta ya taa. Dafrosa alipofika, watu walikuwa wamejaa hadi barazani, na Bundala mbele yao, amevaa koti. Majidi alimpa kiti. Akakishika mgongo, hakukikalia.

Maswali ya kwanza yalipita: pamba ya Igunga, daraja la mahali asipopajua, nguzo za umeme. Kila swali lilionekana limesubiri miaka yake. Kisha namba sitini na mbili. Naibu Waziri alisoma jibu lake kwa sauti laini, na vitanda sita vya Ikomelo vikapita hewani, pamoja na muuguzi wake. Mtu mmoja akakohoa. Yustina, aliyekuwa amekuja nyuma taratibu, akatazama chini.

Mbunge akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru. Pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili ya nyongeza."

"Mazuri gani!" Majidi akafoka.

"Kelele wewe," alisema Bundala. "Ndivyo wanavyosalimiana kule."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, vitanda hivyo ni vya wananchi. Waliviazima majumbani mwao wakawatandikia wageni, kwa sababu kwao ni aibu mgeni kuingia nyumba tupu." Ukumbi ukacheka. Dafrosa aliubana mgongo wa kiti. "Na aliyeitwa muuguzi ni mama mjamzito wa kwaya, ambaye mwezi ujao yeye mwenyewe atahitaji muuguzi." Kicheko kikakatika. "Swali la kwanza: ni lini Serikali itapeleka muuguzi wa kweli? La pili: je, Naibu Waziri yuko tayari kufuatana nami Ijumaa hii, akaione Ikomelo jinsi ilivyo?"

Redio ikakwaruza. Watu wakasogea.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa niliyonayo ndiyo niliyoisoma. Lakini niko tayari kufuatana na Mheshimiwa Mbunge. Nikijiridhisha kwamba hali ndiyo hiyo, tutapeleka mtumishi mwezi huu."

Swali namba sitini na tatu likaanza, la visima. Hakuna aliyelisikiliza.

Bundala alikuwa wa kwanza kugeuka, na aibu yote ilikuwa imemtoka usoni. "Waziri! Ijumaa! Jamani, leo Jumatano. Mapazia yako wapi? Mama Benja, ile meza ya shule..."

"Nami nina zulia," alisema Majidi. "Jipya, halijafunguliwa."

"Na vitanda," akasema mwanamke mmoja. "Changu nimekipaka vanishi."

Dafrosa aliwasikiliza, na kilichomwogofya ni mikono yake. Ilikuwa tayari inahesabu shuka. Ilikuwa inakunja pembe za mto. Alikuwa anawaza asali ya mwezi huu, ile nyeupe ya mwanzo.

"Jamani," alisema. Hawakusikia. Akakigonga kiti sakafuni. "Jamani! Hamkusikia alivyosema? Akijiridhisha. Akikuta kitanda, atajiridhisha na kitanda."

Majidi akapunguza sauti ya redio.

"Sasa mgeni atakaa wapi?" Bundala aliuliza, na ilikuwa kama ameambiwa akavue nguo barabarani.

"Atasimama. Sisi tumesimama miaka mitano."

Akatoka. Nyuma yake akasikia ndala za Yustina, halafu nyingine, halafu nyingine. Walifika zahanati, akafungua kufuli. Kitanda cha Revocatus kilikuwa katikati ya chumba, shuka yake nyeupe imetulia, haijalaliwa na mtu. Dafrosa akaitoa shuka kwanza, akaikunja mara nne. Wanawake wanne wakakiinua kitanda, wakakigeuza mlangoni ubavu, wakajitwika vichwani juu ya ngata za kanga, wakashika njia ya kale kuelekea nyumbani kwake. Yustina alikataliwa kubeba. Alitangulia mbele na shuka.

Dafrosa alibaki nyuma kufunga. Chumba kilikuwa sakafu tu, na pembeni ufagio na mtungi mtupu. Aliushika. Akafagia hatua mbili, akajiona, akauegemeza tena ukutani.

Kisha akautoa nje mtungi, akaujaza maji ya kisimani, akauweka kizingitini na kata juu yake. Maji ya kunywa aliona hayamdanganyi mtu. Akafunga kufuli, akajaribu kama limeshika, akajaribu tena, akaondoka haraka kukimbizana na kitanda chake.