Tangazo la Saba: Ibada ya Marehemu Seline

Nilichapa tangazo la kifo cha rafiki yangu kwa vidole vyangu mwenyewe. Mchana wa siku hiyo hiyo tulikaa meza moja, na marehemu alikuwa anakula ugali na omena.

Usicheke. Mimi sijawahi kucheka.

Ilikuwa Septemba 1988. Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha ukatibu na uhasibu, juu kidogo ya soko la Otonglo. Wanafunzi hatukufika mia mbili. Jina la chuo sitalitaja, ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Mimi ni Nabwire, mtu wa Nambale. Kwa vile nilipiga taipu haraka kuliko wenzangu, nilipewa kazi ya gazeti la chuo. Gazeti ni kusema tu. Ilikuwa karatasi moja: mbele habari za chuo, nyuma matukio ya wiki. Mechi, mdahalo, fellowship, nani amepoteza sweta.

Mwenye tangazo aliandika kwenye karatasi, akalitumbukiza katika sanduku la mbao pale getini. Jumatatu asubuhi nafungua sanduku, nachapa kwenye stenseli, nazungusha mashine mpaka bega linauma, nagawa wakati wa chakula.

Sasa, ukizoea taipu, husomi. Macho yanaona herufi, vidole vinapiga, akili iko nyumbani inachuma mboga.

Ndivyo tangazo la saba lilivyonipita.

Aliyelisoma kwa sauti ni Masinde, kijana wa uhasibu ambaye hakuweza kusoma kitu kimoyomoyo.

"Jumamosi saa nane mchana. Ibada ya kumkumbuka marehemu Seline Adero, nyumbani kwa Mzee Absalom, Kombewa. Wote mnakaribishwa."

Akatazama meza yetu.

"Nabwire, hii jina si ya huyu Seline?"

Vijiko vilisimama ukumbi mzima.

Seline alichukua karatasi mkononi mwangu. Tulilala kitanda cha juu na cha chini tangu Februari, nilimjua. Msichana mpole, wa maneno machache, anayefunga shuka lake mpaka kidevuni hata kukiwa na joto. Alisoma polepole. Nikangoja alie, ama anirushie sahani.

Akasema, "Wameandika vizuri."

Akaendelea kula.

Bwana Waliaula, mwalimu msimamizi wa gazeti, aliniita ofisini kabla sijanawa mikono.

"Nani amekupa hii takataka?"

"Ilikuwa kwa sanduku, Mwalimu."

Nikamletea karatasi yenyewe. Ukurasa wa daftari, herufi kubwa zilizonyooka kama za mtoto. Hakuna sahihi.

"Nabwire, umeua mtu kwenye gazeti la chuo. Jumatatu ijayo uniletee aliyeandika. Ukikosa, utaeleza mbele ya mkuu wa chuo, na mzazi wako akiwa amekaa hapo."

Baba yangu alikuwa ameuza fahali wake wa kulimia ili niingie pale.

Lakini shida yangu ilikuwa ndogo. Ya Seline ndiyo ilikuwa kubwa.

Kufikia Jumanne, kitanda cha jirani yake kilikuwa kimevutwa mpaka ukutani. Jumatano, benchi lake darasani lilibaki na yeye peke yake. Wasichana wa fellowship walikuja kumwombea, lakini walisimama mlangoni, mikono wameinyoosha kutoka mbali. Nilimsikia mmoja akinong'ona, "Jachien." Nilishakaa na Wajaluo vya kutosha kujua hilo ni neno la mzimu wa mtu aliyekufa na kinyongo.

Nikamtetea. Kisha Alhamisi ikafika.

Ilikuwa saa kumi, jua kali. Nilikwenda nyuma ya bweni kuanua nguo. Seline alikuwa ameinama kwenye beseni anafua, na alikuwa anaongea. Nikadhani yuko na mtu.

"Nimekusikia," alisema. "Jumamosi. Nimesema nitakuja Jumamosi. Kwa nini hunipi nafasi?"

Akanyamaza, kama anayesikiliza. Kisha akatikisa kichwa, akaendelea kusugua kola.

Mbele yake kulikuwa na ukuta tu.

Niliacha nguo zangu kwenye kamba, nikarudi ndani. Nakiri, siku hiyo hata mimi nilifikiria kuhamisha godoro.

Ijumaa akanifuata.

"Nabwire, kesho utanisindikiza nyumbani?"

"Kufanya nini?"

"Kwa ibada. Si imeandikwa wote mnakaribishwa?"

Nilitaka kukataa. Lakini aliyeandika ile karatasi alikuwa huko Kombewa, na mimi nilikuwa na siku mbili. Wacha niseme ukweli: nilikwenda kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Tulifika Kombewa saa saba, tukashika njia ya miguu katikati ya mtama. Alitembea mbele na hakugeuka hata mara moja. Ua wa boma lao ulipoonekana, hakuingia getini. Alizunguka nje.

Nje ya ua kulikuwa na kaburi. Kwao, binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Udongo ulikuwa umeshuka, lakini pembeni pote palikuwa pamefagiwa asubuhi hiyo, alama za ufagio zilionekana. Msalaba wa mbao ulikuwa na jina moja.

AWUOR.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Mdogo wake Seline."

Sikuelewa. "Mdogo wako, unamaanisha."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke chuoni. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Nabwire, aliyelala hapa ni Seline. Mimi ndiye Awuor."

Nywele zilinisimama. Mchana kweupe, ng'ombe wakilia kwa jirani, mimi nilikuwa naongea na mtu aliyesimama juu ya kaburi lenye jina lake.

Akanieleza pale pale, kwa sauti ya chini. Walilelewa mbali, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai huko Nandi ambako baba yao alikuwa msimamizi. Kombewa walikuja mara chache, na walifanana, kwa hiyo watu wa nyumbani hawakuweza kuwatofautisha. Seline alipita kidato cha nne, barua ya chuo ikaja. Awuor alikuwa ameacha shule kidato cha tatu. Januari, homa ya uti wa mgongo ikamchukua Seline kwa siku mbili.

"Baba alisema nafasi kama hiyo hairudi. Sanduku likapigiliwa misumari huko huko. Tulipofika hapa akawaambia watu aliyekufa ni Awuor. Wamelia siku nne, Nabwire, wakiita jina langu. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo kwa mkeka nawasikia."

"Na Seline?"

"Hakuna mtu amemlilia. Hata mmoja. Tangu siku hiyo haniachi. Ananiuliza, nimekukosea nini?"

Akapiga magoti. Halafu akapiga nduru.

Kama hujasikia nduru ya mwanamke Mjaluo kwenye msiba, siwezi kukueleza. Inatoka chini ya tumbo na inavuka mito. "Seline! Seline yawa, Seline Adero!" Na huko kila anayesikia nduru anakimbia kuja, akiwa shambani, akiwa anakula.

Wa kwanza kutoka alikuwa baba yake, Mzee Absalom, mwanamume mrefu mwenye koti.

"Nyamaza," alisema. "Seline, nyamaza. Watu watasikia."

"Wasikie, Baba. Mimi si Seline."

"Unataka nifungwe?"

"Nataka nizaliwe tena. Umenizika miezi minane, nimechoka."

Majirani walikuwa wameanza kujaa. Bibi mmoja kizee, mwenye jembe bado begani, aliuliza, "Kwani hapa tulizika nani?"

Mzee Absalom alitazama viatu vyake.

Ndipo mama yao, Mama Dorca, akapita katikati ya watu. Alikuwa amevaa sare yake ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani, viatu vimepakwa rangi. Akaketi chini kwenye udongo, akaweka kiganja juu ya kaburi.

"Seline nyathina," alisema. Mtoto wangu.

Halafu akalia, na watu wote wakalia naye. Walilia upya, kwa jina la haki. Mimi mtu wa Nambale, ambaye Seline huyo sikuwahi hata kumwona, nililia mpaka nikakaa chini. Mzee Absalom ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alivua kofia, akaegemea ua, mabega yakaanza kutetemeka.

Jumatatu, Awuor aliingia mwenyewe kwa mkuu wa chuo. Hakungoja nimtaje. Kufikia saa tano alikuwa amefunga sanduku lake. Chuo kiliamua kunyamaza ili kisiaibike, na Bwana Waliaula hakuniuliza tena kitu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani.

"Sasa analala," aliniambia. "Jana usiku sijamsikia."

"Lakini Awuor, ungeniambia tu. Badala ya kuniwekea karatasi kwa sanduku."

Akanikazia macho.

"Karatasi gani? Mimi sikuandika. Nilijua ni Seline."

Gari lake likaja. Nilibaki nimesimama na baridi mgongoni, na baridi hiyo niliishi nayo miaka kumi.

Awuor alirudi sekondari, msichana wa miaka ishirini kati ya watoto, akafanya mtihani kwa jina lake. Leo ni mwalimu wa chekechea.

Mwaka 1998 Mzee Absalom alifariki, nikaenda mazishini. Jioni, Mama Dorca aliniita jikoni kwake.

"Wewe ndiye ulichapa tangazo langu," alisema.

Nikaweka kikombe chini.

"Sikujua kuandika vizuri, nilienda kisomo cha watu wazima pale kanisani. Nikajifunza mpaka nikaweza maneno hayo. Nikapita Otonglo siku ya soko na samaki wangu, nikatumbukiza pale getini kwenu."

"Mama, si ungemwambia tu Mzee?"

"Mzee wangu hakuwa mtu wa kuambiwa. Na nikimwambia Awuor, angemwogopa baba yake." Akachochea moto. "Mwanangu, nilikuwa na mabinti wawili. Mmoja amekufa na hana jina. Mwingine yuko hai na anaitikia jina la maiti. Nilihesabu, nikaona sina hata mmoja."

Nina miaka hamsini na saba sasa. Nimeona watu wakificha vyeti, ndoa, ugonjwa, watoto, wakisema ni kwa faida ya familia. Ninachowaambia ni hiki: siri ya nyumba hubebwa na yule asiyeulizwa. Mkiwa mnapanga ya kwenu, mgeukieni yule aliyekaa kimya kwenye mkeka, mmuulize yeye anaitwa nani.